Korona ilipofungia watu nyumbani, kiboko nacho kilifungiwa humo

Na DAKTARI WETU

KENYA ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 mnamo Machi 13, 2020, sisi madaktari tuliambiwa tujiandae kwa homa, kikohozi na watu wanaokosa pumzi. Hao walikuja. Lakini katika zahanati za mitaani, hasa kuanzia Mei na Juni mwaka huo, waliletwa pia wagonjwa ambao hakuna waraka uliokuwa umewataja: mtoto mwenye alama za waya wa pasi mgongoni, mwingine aliyetobolewa ngoma ya sikio kwa kofi, msichana wa miaka 11 aliyevunjika mfupa wa mkono alipouinua kujikinga na mwiko.

Hawakuwa wengi. Uchache wao ndio ulionitia wasiwasi, na nitaeleza kwa nini.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021 na barakoa zimetupwa zamani. Hata hivyo, tabia iliyoingia ndani ya nyumba haiondolewi kwa tangazo la serikali. Isitoshe, hatujamaliza kufungiwa. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilichelewesha kufunguliwa kwa shule, na ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaweza kuzifunga tena wakati wowote. Ni heri mzazi ajue sasa, akiwa ametulia, ni kitu gani humpata yeye na mwanawe wakati kama huo.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Wengine wote walingoja hadi Januari 4, 2021. Yaani watoto zaidi ya milioni 15 walikaa nyumbani karibu miezi kumi, na wengi wao nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Kwa wengine, kufungwa kwa shule kulimaanisha pia kukosa mlo wa mchana.

Kiboko hakikuletwa na korona. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wavulana 73 katika kila 100, na wasichana 66, walikuwa wamepigwa au kutendewa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa namna hiyo uliporudiwa mwaka 2019, idadi ilikuwa imeteremka. Watu walikuwa wameanza kubadilika. Ndipo mwaka uliofuata milango ikafungwa.

Hofu huchosha kuliko njaa

Wengi hudhani mzazi humpiga mtoto zaidi wakati wa taabu kwa sababu ya umaskini. Umaskini una sehemu yake, lakini jambo lenyewe ni la ndani zaidi. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 2008, watafiti waliwafuatilia akina mama wa miji kadhaa nchini humo ili kuona jinsi walivyowatendea watoto wao. Waligundua kwamba ukali wa mama uliongezeka pale hali ya ajira ilipokuwa ikizidi kuharibika kwa kasi, hata kama mama mwenyewe hajapoteza kazi. Hofu ya kitakachokuja ilimbadilisha kuliko shida iliyokuwa tayari mlangoni.

Sasa fikiria Nairobi, Mombasa au Nakuru mwezi wa Mei 2020. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilipowahoji watu wakati huo, familia takriban 30 katika kila 100 zilikuwa zimeshindwa kulipa kodi ya nyumba kwa siku iliyokubaliwa. Wale waliolipa walikuwa wakijiuliza mwezi ujao utakuwaje. Kibarua hakwendi mjengoni. Mama mboga hafiki sokoni saa kumi alfajiri kwa sababu kafyu haijaisha. Kila jioni redioni husomwa idadi ya walioambukizwa na waliokufa.

Mwili wa binadamu una jinsi moja tu ya kukabili hatari, nao hautofautishi chui na mwenye nyumba anayedai kodi. Moyo hupiga mbio, damu hujaa homoni za adrenalini na kotiso, misuli hukaza. Hayo ni mazuri yakidumu dakika tano. Yakidumu wiki sita, usingizi hupotea, kichwa huuma, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuambia "hebu ngoja kwanza", hulegea. Mzazi wa aina hii hana subira ya kutumia. Si kwamba amekuwa mtu mbaya. Amekaa macho siku nyingi, na mtoto anapomwaga uji anakuwa amemwaga uji mbele ya mtu ambaye breki zake zimekatika.

Nyumba zina breki nyingine pia, ambazo huwa hatuzioni hadi ziondoke. Siku za kawaida baba akikasirika hutoka, akaenda kazini au barazani kwa wenzake. Nyanya akiwa karibu humwita mjukuu, na kesi inaishia hapo. Jirani husikia kilio akagonga mlango akisingizia kuomba chumvi. Mwalimu humwona mtoto asubuhi akichechemea, akamwuliza. Korona iliziondoa zote kwa mpigo. Nyanya yuko kijijini na barabara za kuingia na kutoka Nairobi zimefungwa tangu Aprili 6. Jirani anaogopa kuambukizwa. Mwalimu yuko kwake, naye hana mshahara ikiwa shule ni ya kibinafsi.

Na juu ya hayo, mzazi akageuzwa mwalimu. Vipindi vya redio na runinga vilikuwepo, na walio na simu nzuri walipokea kazi za shule kwa simu. Mtu aliyeacha hesabu darasa la saba alitakiwa amfundishe mwanawe visehemu, jioni, kwa simu isiyo na chaji, na tumbo tupu. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba ugomvi ulianzia kwenye daftari.

Godoro lililoloa

Upande wa mtoto nao una yake. Mtoto mwenye hofu hasemi, "Mama, nina hofu." Lugha yake ni mwili na tabia. Aliyekwisha kuacha kunyonya kidole hurudia. Aliyelala peke yake anang'ang'ania kulala na mama. Mwingine hulia kwa jambo dogo, hupigana na ndugu zake, hukataa chakula au huanza kukojoa kitandani baada ya miaka mitatu ya kulala pakavu. Mzazi aliyechoka huyasoma haya yote kama utundu, au kama dharau. Humchapa. Hofu ya mtoto huongezeka, na dalili nazo huongezeka. Basi asubuhi inayofuata kuna sababu mpya ya kumchapa.

Mwezi wa Juni mwaka huo mama mmoja muuza mitumba aliniletea mvulana wa miaka minane. Hakumleta kwa sababu ya alama zilizokuwa mapajani. Alitaka dawa ya kuzuia mkojo. Mtoto alikuwa akikojoa kitandani kila usiku tangu Aprili. Nilipima mkojo, hakukuwa na maambukizi. Nilipima sukari, ilikuwa sawa. Hakuwa amefunga choo wala hakuwa na maumivu. Nikamwuliza mama kuhusu zile alama.

"Daktari, mimi nilidhani ananifanyia makusudi," akasema. Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Godoro ni moja, na mvua haiishi."

Katika maneno hayo machache kulikuwa na uchunguzi wote niliouhitaji. Serikali ilikuwa imepiga marufuku mitumba kuingizwa nchini, kwa hivyo hakuwa na bidhaa. Watoto watatu walilalia godoro moja. Maji ya kufua shuka yalinunuliwa kwa mtungi. Msimu wa masika ulikuwa umepita tu, na shuka moja ilichukua siku mbili kukauka. Kila asubuhi aliamka kukuta hasara ambayo hana uwezo wa kuifidia, na aliyesababisha hasara hiyo alikuwa mbele yake, mdogo, asiyeweza kujitetea.

Nilimweleza kwamba mtoto aliyelala hawezi kukojoa kwa makusudi, na kwamba kila kiboko cha asubuhi kilikuwa kikimwongezea mkojo wa usiku. Tulikubaliana mambo madogo: maji mengi anywe mchana badala ya jioni, aende chooni kabla ya kulala, mama amwamshe tena anapoenda kulala yeye, karatasi ya nailoni iwekwe chini ya shuka, na asubuhi mtoto asaidie kuanika bila kutukanwa. Baada ya wiki tano alirudi. Mtoto alikuwa bado anakojoa, lakini mara mbili au tatu kwa wiki. Baadaye walihamia mashambani na sikuwaona tena.

Kwa nini hospitali zilikuwa tupu

Nilisema uchache wa watoto hao ulinitia wasiwasi. Mwaka 2020 nchini Marekani, idadi ya watoto waliofikishwa katika vyumba vya dharura kwa sababu ya ukatili au kutelekezwa ilipungua sana baada ya shule kufungwa. Mtu angeweza kushangilia. Lakini walipoangalia waliolazwa, walikuta kwamba kiwango kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 2.1 ya waliofikishwa mwaka 2019 hadi asilimia 3.2 mwaka 2020. Maana yake ni kwamba wenye majeraha madogo hawakuletwa tena. Walioletwa ni wale ambao hali yao haikuweza kufichika.

London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, madaktari waliona jambo la kutisha zaidi. Kati ya Machi 23 na Aprili 23, 2020 walipokea watoto 10, mkubwa wao akiwa na miezi 13 tu, waliokuwa na majeraha ya kichwa yaliyoshukiwa kutokana na ukatili. Katika miaka mitatu iliyotangulia, wastani haukufika hata mtoto mmoja kwa mwezi. Ni hospitali moja na mwezi mmoja, kwa hivyo tusiipigie hesabu dunia nzima. Ila daktari akiona mambo kama hayo hawezi kulala usingizi.

Hapa kwetu pia, watu waliogopa hospitali. Waliogopa kuambukizwa, waliogopa kupelekwa karantini, hawakuwa na nauli, na usiku palikuwa na polisi wa kafyu. Mtoto aliyeumizwa alikandwa kwa maji ya moto, akapewa dawa ya maumivu kutoka dukani na kufungiwa ndani hadi alama zitoweke.

Jambo hili ni la hatari kwa sababu madhara mengine hayaonekani kwa nje. Mtoto akichapwa sana kwa fimbo au mpira wa maji, hasa matakoni, mapajani na mgongoni, misuli hupondeka na kumwaga ndani ya damu kitu kiitwacho mayoglobini, ambacho huweza kuharibu figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Mzazi huona mtoto amenyamaza na kulala, akadhani adhabu imemwingia, kumbe figo zinaacha kufanya kazi. Teke au ngumi ya tumbo huweza kupasua wengu au ini, na damu ikavujia ndani kwa saa kadhaa kabla ya mtoto kuzimia. Kofi la sikio husukuma hewa kwa nguvu na kutoboa kiwambo. Baadaye mwalimu hulalamika kwamba mtoto hasikii, naye huchapwa kwa kutosikia.

Mtoto mchanga asitikiswe kamwe. Kichwa chake ni kizito na shingo yake haina nguvu, kwa hivyo ubongo hugongagonga ndani ya fuvu na mishipa midogo ya damu hukatika. Hakuna jeraha nje. Watoto wachanga hulia zaidi wakiwa na wiki sita hadi nane, na kilio hicho mara nyingi hakina sababu inayoweza kuonekana. Mzazi akihisi hasira inapanda, amlaze mtoto chali mahali salama, afunge mlango, atoke nje dakika chache. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kulia dakika kumi.

"Hata sisi tulichapwa"

Sijapata kuzungumzia jambo hili mbele ya wazazi bila mmoja kusimama na kusema, "Daktari, hata sisi tulichapwa, na mbona tuko sawa?" Mwingine huleta methali ya mchelea mwana kulia. Ninaiheshimu methali hiyo. Lakini inamwonya mzazi asiyethubutu kumkataza mtoto chochote. Haikutaja waya wa pasi. Mtoto anaweza kulia kwa sababu amenyimwa, amekatazwa kwenda kucheza au ameambiwa arudi akafue soksi alizochafua. Kumlea mtoto kwa uthabiti na kumpiga ni mambo mawili.

Kuhusu hao waliochapwa wakawa sawa, mwaka 2016 wataalamu wawili, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Walizingatia kupiga kwa mkono tu, kule ambako wengi huita adhabu ya kawaida, wakaacha nje vipigo vya kuumiza. Hawakuona kwamba kuliwafanya watoto kuwa watiifu zaidi baadaye. Kulihusiana na ugomvi zaidi, wasiwasi zaidi na uhusiano mbaya na wazazi. Ikiwa kofi la mkono tu halina faida, mpira wa maji utakuwa na faida gani?

Sheria nayo imesonga mbele kuliko sisi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 29 na 53, inamkinga kila mtu, mtoto akiwemo, dhidi ya adhabu ya viboko na ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka serikalini au nyumbani. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kadiri. Sheria mpya ya 2022 haikuibeba haki hiyo. Lakini hata baada ya shule kufunguliwa Januari 2021 na visa vya utovu wa nidhamu kuzuka, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisikika akiunga mkono kurejeshwa kwa kiboko. Kwa maoni yangu, wale hawakuwa watoto waliokosa kiboko. Wengi wao walikuwa wametoka miezi kumi ya kiboko.

Nikiulizwa kosa kubwa lilikuwa wapi, nitasema tulifunga shule bila kuweka mtu yeyote mahali pa mwalimu, kama jicho la kumwangalia mtoto. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao ya kupimia presha na sukari. Milango ikifungwa tena, hao ndio wangepaswa kuagizwa waulize, pamoja na homa na kikohozi, "Watoto wako wapi? Niwasalimie." Hakuna mashine inayohitajika kwa hilo.

Mzazi naye ana yake ya kufanya, na si mengi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na washirika wao walitoa karatasi za ushauri kwa wazazi, zikatafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ushauri mmoja unanipendeza kwa jinsi ulivyo rahisi: mpe kila mtoto muda wake peke yake kila siku, hata kama ni dakika ishirini, achague yeye mtakachofanya. Wazazi hunicheka nikiwaambia hivyo, lakini mtoto anayejua zamu yake inakuja hana haja ya kuitafuta kwa kuvunja kikombe.

Mimi naongezea ya kwangu. Usitoe adhabu yoyote kabla ya kunywa glasi ya maji na kuketi chini. Usifundishe hesabu ukiwa na njaa. Kubaliana na jirani mmoja unayemwamini kwamba kila mmoja anaweza kumpelekea mwenzake mtoto kwa nusu saa bila kuulizwa sababu. Fimbo iliyoning'inizwa ukutani itoke, kwa maana kitu kilicho karibu na mkono ndicho kitumikacho. Na akina baba, hasa waliopoteza kazi: ukiona sauti ya watoto wako imeanza kukuudhi kuliko sauti ya watoto wa wengine, hiyo ni dalili ya msongo wa mawazo. Mwone daktari kama ambavyo ungemwona kwa presha. Hatutakucheka.

Mtoto aletwe hospitali bila kuchelewa, haidhuru nani alimpiga, ikiwa ametapika baada ya kuumia kichwa, amekuwa mzito wa kuamka, tumbo limekaza, mkojo umebadilika rangi au hawezi kuinua mkono. Mtoto wa chini ya miezi minne akiwa na alama yoyote ya kuvilia damu, popote mwilini, aletwe siku hiyo hiyo. Na kwa aliye chini ya miaka minne, alama ya namna hiyo kifuani, tumboni, mgongoni, sikioni au shingoni haitokani kwa urahisi na kuanguka akicheza.

Anayesikia kilio kisicho cha kawaida ng'ambo ya ukuta, na mtoto mwenyewe akiweza kufikia simu, apige 116. Ni nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, na hupokelewa usiku na mchana.